Msomaji wa Nyuma ya Mlango

Wiki iliyopita tulimzika Leokadia kule Ijumbi, na hasira haijanitoka. Siyo hasira ya kifo. Alikuwa mtu mzima, aliugua muda mrefu, amepumzika, na mimi mwenyewe nina umri wa kujua kwamba zamu yangu haiko mbali. Hasira yangu ni ya kijana mmoja wa ukoo wa mumewe, mwenye tai nyekundu, aliyeshika kipaza sauti akasoma wasifu wa marehemu. Alianza vizuri: alizaliwa, akabatizwa, akafunga ndoa, akajaliwa watoto na wajukuu. Halafu akalegeza sauti, ile sauti ya kuhurumia, akasema, "Marehemu hakubahatika kupata elimu, lakini alikuwa mama mnyenyekevu." Watu wakatikisa vichwa, wengine wakasema "kweli kabisa". Nikainuka kwenye kiti. Mshereheshaji akaniona, akaja mbio akaniinamia sikioni: "Ma Domitila, ratiba imebana, padre anasubiri." Nikakaa, kwa sababu msibani mtu hagombani na padre. Lakini nyongo ilikuwa imeshanipanda. Eti hakubahatika. Kana kwamba elimu ni mvua, ikanyesha kwa jirani ikaruka shamba lake. Nimerudi hapa Kashai kwenye chumba changu, nimefunga dirisha kwa sababu ya kelele za bodaboda, na nitasema niliyotaka kusema kule. Humu ndani hakuna mwenye ratiba.

Mwaka ninaousema ni ule uliofuata Uhuru. Tulikuwa darasa la nane katika shule ya kati ya wasichana, ya bweni, upande wa Muleba. Habari za nyumbani kwetu naziacha. Sote tulitoka kwenye migomba na kahawa, na anayezijua za mmoja anazijua za wote. Nakumbuka zaidi vyumba. Bweni letu lilikuwa refu na la giza, magodoro ya majani makavu yaliyochoma mgongo, na usipoyageuza siku ya jua yalinuka ukungu. Darasa lilikuwa na sakafu ya saruji nyekundu tuliyoisugua kwa jani la mgomba mpaka inateleza. Mbele kulikuwa na ubao wenye ufa katikati, na mbele ya ubao alisimama Mwalimu Paskazia, mzaliwa wa Kishanda, kijana kiasi kwamba wazazi waliokuja kututembelea walimtuma maji wakidhani ni mwanafunzi. Alikwenda akayaleta bila kusema neno. Kisha akarudi darasani na kutufundisha kitu ambacho hakuna mwalimu mwingine aliyekuwa ametufundisha, nacho ni kwamba neno refu la Kiingereza haliogopwi, linakatwa.

Alianza na midomo yetu. "Ninyi Wahaya," alisema, na yeye mwenyewe Mhaya mtupu, "silabi zenu zote ni nyumba zisizo na milango. Kila moja inaishia kwenye irabu, iko wazi, mbuzi anaingia na kutoka. Mwingereza hufunga mlango." Akaandika "strength" ubaoni akatuuliza ina silabi ngapi. Tulipiga makofi kama alivyotuzoeza, tukahesabu si-ti-re-ngi-thi, tukasema tano. Akasema moja. Darasa zima likacheka, na wengine tukadhani amechanganyikiwa na homa. Akatusimamisha mmoja mmoja, mkono chini ya kidevu, tulitamke neno lile na tuhesabu kidevu kimeshuka mara ngapi. Nilirudia mpaka taya ikauma. Leokadia, aliyekaa dawati moja na mimi, ndiye aliyekuwa wa kwanza kulitamka kidevu kikashuka mara moja tu, na alipofanikiwa hakucheka wala kujivuna. Alilirudia polepole peke yake, akijisikiliza.

Baada ya hapo Mwalimu Paskazia akatuonyesha kwamba kukata kuko kwa namna mbili, na hapo ndipo wengi walipopotea. Kuna kukata kwa mdomo na kuna kukata kwa akili. Neno "uncomfortable", mdomo hulikata vipande vitano, na vipande hivyo peke yake havina maana yoyote. Akili hulikata vitatu: "un" inayokataa, "comfort" ambayo ni raha, na "able" inayosema jambo linawezekana. Mdomo unakusaidia kusoma, akili inakusaidia kujua ulichosoma, na mwanafunzi anayekata kwa mdomo tu ni kasuku. Ndivyo alivyosema, na alitutazama mpaka tukainamisha vichwa, kwa sababu kasuku tulikuwa wengi.

Leokadia alilichukua somo lile akalipeleka jikoni. Tulikuwa na zamu ya kumenya ndizi za chakula cha mchana, na zamu yetu sisi wawili ilikuwa moja. Jiko lilikuwa kibanda cha miti, moshi mpaka macho yanatiririka, mafiga matatu makubwa na sufuria ambalo mtoto angeweza kuoga ndani. Tulikaa chini kwenye maganda, kisu kifupi mkono wa kulia, vidole vyeusi kwa utomvu ambao hata majivu hayakuutoa. Hapo ndipo alipoanza kusema kwamba kukata maneno ni kumenya tu. "Disobedience," alinitupia huku kisu chake kinakwenda. "Toa ganda la juu." Nikasema "dis". "Toa la chini." Nikasema "ence". "Kimebaki nini?" Nikasema sijui, kimebaki kitu kinachofanana na "obey" lakini kimevimba. "Ndicho hicho hicho," alisema. "Hata ndizi ikiiva hubadilika. Utasema si ndizi?" Siku nyingine akasema, "Domi, hebu menya hili: hatutawapikia." Nikacheka, nikamwambia hicho ni Kiswahili, kinamenywa cha nini. Akanihesabia kwa vidole vyake vyeusi: ha ya kukataa, tu ni sisi, ta ni kesho, wa ni wao, halafu ndiyo unalipata pishi lenyewe, na bado kuna mkia wa kusema kwamba ni kwa ajili yao. "Maneno yetu yamevaa nguo mpaka mwili hauonekani," alisema, "na Kihaya ni hivyo hivyo. Tunayamenya tangu tunanyonya. Halafu wanatuambia Kiingereza ndicho kigumu." Nimefundisha shule miaka yangu yote, nimekaa semina na watu wenye digrii, na somo hilo sijalisikia likisemwa vizuri zaidi ya hapo. Alikuwa na miaka labda kumi na sita. Huyo ndiye aliyekosa bahati.

Tulipotoka likizo alirudi kimya. Siku ya kwanza ya zamu alimenya bila kunitupia neno hata moja, na mimi nikadhani ana homa. Nilipomuuliza alisema, "Pombe imenywewa." Hakuhitaji kueleza. Kwetu ukoo wa kijana ukileta rubisi, ndiyo pombe ya ndizi, na wajomba na baba wadogo wakaipokea wakainywa, basi msichana ameposwa, na yeye mwenyewe huambiwa baadaye, labda akiwa anaosha zile zile kata walizonywea. Waliokuja walikuwa wa ukoo wa Ta Byabato, yaani Mzee Byabato. Huyu kila mtu pale shuleni alimjua. Alikuwa mzee mwenye shamba kubwa la kahawa, kanzu nyeupe, koti juu yake, fimbo yenye kichwa cha kung'aa, na alikuwa mjumbe wa kamati ya shule kwa sababu ardhi lilipojengwa bweni letu aliitoa yeye. Mwanawe aliitwa Josephat, mtu mpole asiye na neno, na kwa Josephat sina ugomvi sana. "Na shule?" nilimuuliza Leokadia. Akasema mama yake alikuwa ameuliza swali hilo hilo, na wakamjibu kwamba amalize darasa la nane kwanza, na akichaguliwa kwenda sekondari, basi posa itasubiri. Walisema hivyo kwa urahisi kwa sababu waliamini hatachaguliwa. Lakini yeye aliishika ahadi ile. Kuanzia siku hiyo alisoma kwa namna iliyonitisha, hata kwenye foleni ya chakula midomo yake ilikuwa inakata.

Nafasi ya sekondari, Sista Klementina alitutangazia, ilikuwa moja. Sista ndiye aliyekuwa mkuu wa shule, mwanamke mnene mwenye funguo kiunoni, na alitutangazia kwenye bwalo tukiwa na sahani za matoke na maharage mbele yetu. Mitihani ya kuandika ilikuwa imesahihishwa, wasichana wawili walikuwa wamelingana juu ya wengine wote, Leokadia na mimi, na mkaguzi wa elimu angekuja kutusikiliza tukisoma Kiingereza na kukata maneno kwa sauti, kisha aseme nani anakwenda. Tuliendelea kula. Leokadia alinigusa goti chini ya meza, nikamgusa lake. Tulijua wote wawili. Mimi nilikuwa mzuri kwa kukariri. Yeye alikuwa mzuri. Na mimi nisipochaguliwa nilikuwa na mjomba wa kunipeleka chuo cha ualimu, wakati yeye asipochaguliwa alikuwa na Josephat.

Asubuhi ya siku ya mkaguzi nilitumwa kusugua baraza ya ofisi, na nikiwa nimepiga magoti chini ya dirisha niliyasikia yote. Kamati ilikuwa imekuja mapema kumpokea mgeni. Kwanza nilisikia vikombe. Kisha nikasikia sauti ya Mwalimu Paskazia, ya chini na ya haraka, akimwomba Ta Byabato jambo. "Waitu," alisema, kwa heshima yote, "wakati wa Leokadia naomba utoke kidogo. Unajua hawezi kufungua kinywa mbele yako. Utoke tu, unywe chai kwa Sista, kisha urudi." Nilikuwa sijalifikiria hilo, na mkono wangu ukasimama juu ya sakafu. Hapo lazima nieleze kwa vijana wa siku hizi, wanaokula meza moja na wakwe zao na kutaniana nao kwenye simu. Upande wetu, siku zile, msichana aliyekwisha kunywewa pombe hakusema mbele ya baba mkwe wake. Hakula mbele yake, hakumtazama, na wakikutana njiani yeye ndiye aliyejitenga ndani ya migomba mpaka mzee apite. Akikosea, hatukanwi yeye. Hutukanwa mama yake, kwamba amelea kitu gani kile. Ta Byabato aliyajua hayo kuliko sote. Nilisikia kikombe kikirudi kwenye kisahani. "Mimi ni mjumbe wa kamati," alisema. "Kiti changu kiko humu. Mbona hakuna mwingine anayeambiwa atoke?" Paskazia akaanza tena, na Sista Klementina akamkatiza: "Mwalimu, usituletee maneno leo. Mgeni yuko njiani." Funika kombe mwanaharamu apite, ndiyo ilikuwa dini ya Sista yule, Mungu amsamehe, mimi bado.

Nilikimbia jikoni, ndoo mkononi. Leokadia alikuwa anamenya ndizi za wageni, zile nzuri, na kuku wawili walikuwa wameshachinjwa. Nilimwambia. Hakulia. Alimaliza ndizi aliyoishika, akaiweka kwenye maji, akasema, "Mbele yake siwezi. Nyuma ya mlango naweza. Mila haikusema lolote juu ya mlango." Mwalimu Paskazia alipokuja na macho mekundu kutuambia ameshindwa, Leokadia akamwambia hilo hilo kwa utulivu, akifuta mikono. Nilimwona mwalimu wetu akitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Akaenda kwa mkaguzi mwenyewe, aliyekuwa ameshafika. Alikuwa mtu wa mbali, si wa kwetu, suti ya kijivu, Kiswahili kilichonyooka, ofisa mpya wa serikali mpya, na aliposikia habari ya baba mkwe alicheka sana. "Hakuna tabu," alisema. "Redio nayo haionekani, na wote tunaisikiliza." Kwa neno hilo nilimpenda. Upendo huo ulidumu muda mfupi.

Mlango wa ofisi ulikuwa wa mbao nene, na nyuma yake palikuwa na ujia mwembamba wa kwendea stoo, giza isipokuwa mwanga wa ufa mmoja ukutani, unaonuka mafuta ya taa na magunia ya maharage. Tulisimama humo wawili, kwa sababu mimi nilikuwa nafuata. Leokadia aliushika mkono wangu, na kiganja chake kilikuwa kinanata utomvu. Mkaguzi akauliza kutoka ndani, kwa Kiingereza, kama yuko tayari. Akajibu kwamba yuko tayari. Na akasoma. Kitabu kilikuwa kimepitishwa chini ya mlango, ukurasa aliouchagua mkaguzi, na aliusoma kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kutoka kwake, sauti kamili, kila silabi imefunga mlango wake. Kisha maneno. "Representative." Akalikata kwa mdomo, akalikata kwa akili, akaeleza kila kipande kinafanya kazi gani. "Irresponsible." "Disobedience", na hapo akanibana mkono, nikajua anacheka ndani kwa ndani. Mkaguzi akampa neno moja baada ya jingine, na nilisikia sauti yake ikibadilika, akitafuta magumu zaidi, akifurahi. Mwisho akampa "independence". Leokadia akasema kwamba katikati yake mna neno la kuning'inia, kama kitu kinavyoning'inia kwenye kitu kingine, na "in" inakataa, kwa hiyo ni hali ya mtu asiyening'inia kwa mtu. Nikamsikia mkaguzi akipiga makofi, yeye peke yake.

Halafu nikaisikia fimbo ikigusa sakafu. "Mheshimiwa," Ta Byabato alisema, taratibu, kama mtu anayetaka kusaidia, "sauti hiyo mimi siijui. Binti yetu ni msichana wa sauti ndogo. Na huko nyuma, ninavyoelewa, wamesimama wawili." Hakusema zaidi. Ndani pakawa na minong'ono. Nilitaka kuufungua mlango, Leokadia akanishika. Mwalimu Paskazia alisema anaijua sauti ya mwanafunzi wake. Mkaguzi akasema hana shaka, lakini nafasi ni moja, na baadaye watu watasema serikali ilidanganywa, basi binti aingie asome neno moja tu mbele yake, moja, yatakuwa yamekwisha. Nikamsikia Paskazia akimsihi mzee: "Kwa neno moja, Ta, toka kwa neno moja." Akajibu, "Nitoke kwa nini? Kuna ubaya gani niliousema?" Na Sista akasema, "Mwalimu, kaa."

Leokadia akaingia. Mlango ukabaki wazi na nikaona yote. Alipiga magoti kwenye saruji nyekundu, pembeni, uso umeelekea ukutani, akajitanda kitambaa cha mabegani mpaka kwenye midomo. Mkaguzi akasema neno, jepesi, kwa huruma, moja ya maneno ambayo Leokadia aliyakata dakika chache nyuma kwa kicheko. Kimya. Akalirudia. Leokadia akazidi kuinamia ukuta. Ta Byabato alikuwa amekaa wima, mikono yote miwili juu ya fimbo, anatazama nje dirishani kama mtu asiyehusika. Msiniambie angeweza tu kusema. Wajukuu zangu huniambia hivyo, kwamba bibi, si angesema tu, neno moja. Mama yake alikuwa anaishi hatua chache kutoka kwa watu wale, na angeishi hapo mpaka kufa. Neno lile lilikuwa na bei, na mwenye kulilipa hakuwa ndani ya chumba. Mkaguzi akasubiri, akatazama saa, akatazama mawingu, kwa sababu alikuwa na shule nyingine ya kufika kabla ya mvua. "Basi, mwanangu," alisema. "Inuka." Leokadia akainuka akatoka, akinipita bila kunitazama, na zamu ikawa yangu.

Niliingia na kabla hata ya kusalimu nikasema, "Aliyesoma ni Leokadia. Mimi sikusoma hata neno moja." Mkaguzi akatabasamu. "Wewe ni rafiki mwema," alisema. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi. Sista Klementina akasema, "Domitila, umeitwa kusoma, hukuitwa kutoa ushahidi." Nikamtazama Mwalimu Paskazia, alikuwa ameinamisha uso kwenye mapaja yake. Nikasoma. Nilisoma vibaya, kwa kwikwi, nikajikwaa kwenye maneno ninayoyajua, na nilikata "representative" kwa mdomo tu, kama kasuku. Nilipomaliza mkaguzi aliniambia kwa upole, na upole ule nimeuchukia maisha yangu yote, "Usiogope. Nyuma ya mlango ulisoma vizuri zaidi."

Hivyo ndivyo nilivyopata nafasi. Walinipa kwa usomaji wa mwenzangu, na kukana kwangu wakakuhesabu kuwa ni adabu. Mchana wageni walikula kwenye bwalo, matoke yaliyochemshwa ndani ya majani, kuku, na bakuli la senene wa kukaanga, wale panzi wa msimu wa mvua, ambao sisi tuliwakamata, tukawatoa mabawa, na hatukuwaonja. Sisi wawili tulikuwa wa kuhudumu. Leokadia hakuweza kuingia kwa sababu ya mzee, basi alinipakulia jikoni na mimi nikabeba. Nikiwa namwagia mkaguzi maji ya kunawa nilimsikia Ta Byabato akimwambia, kinywa kimejaa, "Mimi sijamzuia mtoto kusoma. Umeniona nikimzuia?" Mkaguzi akasema hapana, hakumwona. Na ni kweli. Mtu yule hakumzuia. Alikaa tu kwenye kiti. Nimekutana na wabaya wengi baada yake, wenye makelele na vitisho, na hao unajua pa kuwashika. Wa namna yake humshiki popote. Alizikwa kwa heshima, mapadre watatu, na jiwe lake ni la marumaru.

Nikarudi jikoni na masahani, nikamwambia Leokadia nitaikataa nafasi ile. Alikuwa anasugua sufuria. Alinijibu kwa ukali ambao hakuwahi kunionyesha: "Ukiikataa nitakuchukia. Itakuwa nimesoma bure kabisa." Basi nikaenda. Nilisoma, nikawa mwalimu hapa Bukoba, nikalipwa mshahara, na kila niliposifiwa Kiingereza changu nilihisi hasira ikinipanda, na waliokuwa wananisifu walidhani nina maringo. Yeye aliolewa baada ya mavuno ya kahawa. Mwalimu Paskazia alihamishwa mwaka uliofuata, na nilisikia ameacha kazi.

Miaka ikapita, ujamaa ukaja, na serikali ikaamua kwamba kila mtu mzima nchini lazima ajue kusoma na kuandika. Lilikuwa jambo jema, silisemi vibaya. Walimu tuligawanywa kwenda vijijini kukagua madarasa ya kisomo, na mimi nikapangiwa upande wa Ijumbi. Alasiri moja niliingia kwenye banda la kuanikia kahawa, wanawake wamejipanga kwenye magogo, majembe yameegemezwa nje, na mwalimu wao, kijana aliyemaliza darasa la saba, amesimama na kijiti mbele ya ubao. Kwenye gogo la pili, mtoto mgongoni, alikaa Leokadia. Mbele yake kulikuwa na kitabu cha wasiojua kusoma, kimefunguliwa ukurasa wa kwanza. Baadaye nilielezwa kwamba balozi wa nyumba kumi ndiye aliyetaja majina ya wasiojua, na balozi alikuwa Josephat. Alitaja wanawake wote, ili asikosee.

Nilimwita nje. Alikuja, tukashikana mikono muda mrefu, akaniuliza habari za watoto. Nikamwambia nitaingia sasa hivi, nitamwambia yule kijana, nitawaambia wote, mwenyekiti na katibu, kwamba huyu mwanamke alikuwa akikata maneno ya Kiingereza kabla yule kijana hajaanza shule, na ndiye anayepaswa kushika kile kijiti. Nilikuwa nimeshageuka. Akanivuta mkono.

"Acha, Domi."

"Niache kwa nini? Unajua kusoma kuliko mwalimu wako."

"Siku ile nilisoma, wakasema ni wewe," alisema. "Leo nikisoma, watasema umenifundisha wewe."

Akamweka mtoto vizuri mgongoni, akainama, akaingia bandani, akakaa mahali pake. Yule kijana akagonga ubao kwa kijiti, na wanawake wote wakasema "ba", na Leokadia naye akasema "ba".